Majina Mwishoni mwa Wimbo

Sauti iliyomfikia Spéciose jikoni Jumanne ile ilikuwa yake mwenyewe. Haikuwa hii aliyonayo sasa, ya mwanamke wa miaka sitini na tisa ambaye kifua humkwaruza kila baridi ikiingia. Ilikuwa ile ya zamani, nyembamba na kali kama waya, ya msichana wa miaka kumi na tisa. Alikuwa amesimama mbele ya sinki, pakiti iliyoganda ya sombe, yaani kisamvu, ameilaza kwenye bakuli la maji ya moto, mkononi kisu cha vitunguu. Alikiweka kisu chini polepole, kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto, akasikiliza.

Ilitoka chumbani kwa Bella, mjukuu wake. Ngoma ndogo ilipiga, kisha sauti za watu watano zikaingia pamoja:

*Kahawa shambani ni yetu,
mezani ni ya nani?
Mkono uliopanda asubuhi,
jioni ulale na njaa?*

Spéciose alishika ukingo wa sinki. Aliujua wimbo ule ubeti kwa ubeti, na alijua kinachokuja baada ya ubeti wa nne. Alitamani mtoto azime kabla hapajafika. Hakuzima. Ngoma ilinyamaza, na ile sauti nyembamba ikabaki peke yake, ikitaja bila haraka: Deusdedit wa Rubanga. Nicole wa Rubanga. Roméo wa Kivumu. Kamila wa mjini. Na mimi Spéciose wa Gitaba.

Halafu ikafuata sauti nyingine, mbichi, iliyo hai, ya binti aliyekuwa nyuma ya mlango ule ule: "Na Bella wa Husby."

Husby ndio mtaa wao, huku Uswidi. Spéciose akavuta kiti cha jikoni, kile chenye mguu uliofungwa gundi, akakaa.

Yafaa msomaji ajue desturi yenyewe, maana bila hiyo hataelewa kwa nini mtu mzima aogope wimbo. Kule kwao, katika makundi ya vijana wa wakati ule, wimbo haukuachwa bila mwenyewe. Ukiisha kuimbwa, wasikilizaji huuliza mara tatu, "Wimbo wa nani?" na kiongozi hujibu kwa kutaja waliotunga, mmoja mmoja, na mlima wa kila mmoja, maana kwao kila kijiji ni mlima. Wimbo usiotajwa wenyewe ulihesabiwa umeibwa. Na atakayeuimba baadaye alikuwa na ruhusa ya kuongeza jina lake mkiani, kwamba naye ameubeba.

Wao watano walikuwa wakifundisha watu wazima kusoma katika kiwanda kidogo cha kuoshea kahawa, Jumapili mchana, mashine zikiwa zimezimwa. Spéciose mwenyewe alikuwa na darasa la sita tu, lakini aliyejua herufi alimgawia asiyejua, ndivyo walivyosema. Walikuwa na hakika kwamba baada ya miaka kumi kila mlima utakuwa na shule yake na mkunga wake, na hakuna mtu atakayevua kofia mbele ya mtu mwingine. Deusdedit, aliyepiga ngoma, alikuwa amechora kwenye daftari ramani ya zahanati zote zitakazojengwa, hata na mahali pa kuanikia mashuka.

Siku waliporekodi wimbo, Deusdedit alimvuta pembeni. Alimwambia, taja wengine, jina langu leo liache, mke wangu ana mimba na kuna watu wameanza kuniulizia. Spéciose alimsikia vizuri kabisa. Lakini alipofika mwisho wa wimbo, ulimi ulikataa. Wimbo wenye ngoma ya Deusdedit usitajwe Deusdedit? Aliona ni wizi. Akamtaja, tena wa kwanza.

Miezi miwili baadaye walianza kuchukuliwa na watu wa serikali. Hawakuchukuliwa kwa ukubwa wa makosa wala kwa ukaribu wa nyumba. Jumatatu alichukuliwa Deusdedit. Jumanne Nicole. Jumatano Roméo. Kamila, mjini, Alhamisi alfajiri. Ilikuwa jioni ya Alhamisi, wakati Spéciose anachambua maharage kwenye ungo, alipougundua mpangilio huo: ule ule wa majina mwishoni mwa wimbo. Hakumaliza kuyachambua. Ijumaa walipofika Gitaba, yeye alikuwa ameshavuka mpaka na kitenge kimoja. Wale wanne hawakuonekana tena.

Na sasa, baada ya Spéciose, palikuwa na jina la sita.

Alipoingia chumbani, Bella alikuwa amekaa kitandani na gitaa mapajani, simu imeegemezwa kwenye mto. Ana miaka ishirini, anasomea ualimu, mrefu kama baba yake. Aliruka alipomwona, akasema kwa Kiswidi kwamba ilikuwa iwe siri hadi Jumamosi, *farmor*, mama wa baba, hakupaswa kusikia. Ndivyo anavyomwita anapojipendekeza. Vinginevyo humwita Bibi.

Maelezo yalimtoka kwa mkupuo. Kuna mama mmoja Mswidi wa Vällingby, Rebecka, aliyewahi kuwa mkunga kule nyumbani, mwenye kanda za zamani. Jumamosi saa nane mchana ataandaa nyimbo za kudai haki za enzi zake, kwenye ukumbi wa hapa hapa Husby. Alikuwa anatafuta kijana wa kuimba kwa Kiswahili. Bella aliposikia jina la mwisho kwenye kanda alitokwa na machozi. Na itarushwa mtandaoni moja kwa moja, hata watu wa nyumbani wataona.

"Ni wewe, Bibi. Si ni wewe?"

"Akina Spéciose ni wengi," Spéciose alisema.

"Wa Gitaba?"

"Gitaba ni kubwa."

Bella alicheka. Alimwambia bibi yake kwamba anadanganya vibaya, na kwamba hata masikio yamemsimama.

Spéciose hakucheka. Kilichomtisha hakikuwa ukumbi wala Rebecka. Baba yake Bella, Clovis, mtoto wake wa pekee, alikuwa kule. Alikwenda kwenye msiba wa mjomba wake, kaka wa Spéciose mwenyewe. Yeye Spéciose alisingizia magoti. Clovis angeondoka kule Jumamosi usiku na kutua Arlanda, uwanja wa ndege wa huku, Jumapili mchana. Jumamosi saa nane, wimbo ukiruka na majina yake na jina la Bella mkiani, Clovis angekuwa bado nchini mle, na pasipoti yenye jina la ukoo lile lile la Bella, na uwanja wa ndege mbele yake.

Miaka hamsini imepita, alijiambia akirudi jikoni. Waliochukua wenzake huenda wamekufa, au wanasukumwa kwenye viti vya magurudumu kama wale wazee aliowaogesha miaka ishirini na miwili katika nyumba ya wazee. Lakini karatasi haizeeki kama watu. Mtu mmoja anayetaka cheo anatosha. Sombe ilikuwa imeyeyuka na maji yamepoa. Akayabadilisha, akasahau kwa nini.

Jumatano alimpigia Clovis kwa WhatsApp. Alianza na msiba, nani amelia, nani hakuja, nyama ilitosha. Kisha akamwuliza kwa kuzunguka kama nchi imetulia. Clovis ni mtu wa maneno mengi, anayesimulia hata foleni ya mkate. Safari hii aliondoka kwanza penye watu. Spéciose alisikia mlango ukifungwa.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hayo tutaongea nikifika."

Akaanza kusifia hali ya hewa. Spéciose aliikata simu. Kama Clovis angecheka, hofu ingemtoka mama yake. Clovis hakucheka.

Alhamisi akavaa koti la kijivu na kofia ya sufi, akapanda treni ya chini ya ardhi, akabadili kituo cha Fridhemsplan, akaingia ile ya njia ya kijani hadi Vällingby. Theluji ilikuwa imekwisha ila changarawe zilizomwagwa ili watu wasiteleze zilikuwa bado njiani, zinalia chini ya viatu. Kila aliyekuwa nyuma yake alimsikia. Mara mbili alisimama kumpisha mtu aliyekuwa anakwenda zake.

Rebecka alikuwa mama wa miaka sabini na nne, nywele nyeupe zimesukwa msuko mmoja kama wa mtoto wa shule, miguuni soksi za sufi nyekundu. Alimtazama Spéciose mlangoni, akaweka mkono mdomoni. Ndiye yule mkunga. Ndiye aliyewafungia ndani ya chumba cha zahanati siku ya mvua, akaning'iniza mablanketi madirishani ili mvua isisikike, akabonyeza kinasa sauti. Hapakuwa na wasikilizaji siku ile, na ndiyo sababu kwenye kanda hapana swali, majina yanakuja yenyewe.

Alimwandalia kahawa na mikate ya mdalasini. Akasimulia enzi zake hapa, walivyokuwa wakiandamana na magitaa kwenye baridi, wakikusanya baiskeli na majembe ya kupeleka Afrika, wakiamini dunia itakuwa imenyooka kabla wao hawajafika thelathini. Alisimulia bila kujionea aibu wala kujisifu. Spéciose alimpenda, na hilo likamzidishia uzito.

Alimwambia kwa Kiswidi, taratibu, kwamba majina yasiimbwe. Rebecka akashangaa. Majina ndiyo moyo wa wimbo, alisema. Yeye alitoa nakala kumi za kanda ile, huko na huku, ili majina yale yasikike.

"Nakala moja ilifika pabaya," Spéciose alisema.

Rebecka aliuliza ipi. Spéciose alisema hajui, na hiyo ilikuwa kweli. Akamwambia kwamba wanne hawapo, na mwanawe yuko kule hadi Jumamosi usiku. Mengine hakuyasema. Hakusema kwamba alimtaja mtu aliyekataa kutajwa. Rebecka akakishusha kikombe chake kwa mikono miwili. Akakubali kila kitu: hakuna majina, hakuna kurusha, kamera itabaki nyumbani.

Bella ndiye aliyekuwa mgumu. Aliambiwa jioni ile mezani, akasukuma sahani. Bila majina, alisema, si tumewaibia? Spéciose akamjibu kwamba baba yako akifika, uimbe hata ukiwa juu ya paa. Mtoto akamtazama sana, kisha akaahidi.

Jumamosi ukumbi ulijaa, watu kama sitini. Nusu walikuwa wazee wa Kiswidi wa rika la Rebecka, sweta zao nene, wanajua nyimbo zote na wanaimba wakiwa wamefumba macho. Nusu walikuwa watu wa nyumbani na wa nchi jirani za kule: wanaofanya kazi za usafi mtaa wa pili, Kista, wauguzi, dereva mmoja aliyekuja na sare yake. Spéciose alikaa safu ya tatu pembeni, karibu na mlango. Aliwajua karibu wote. Mmoja hakumjua, mwanamume wa miaka hamsini hivi, koti la ngozi, amekaa safu ya kwanza katikati. Simu yake ilikuwa mkononi tangu mwanzo.

Bella alipopanda, yule mwanamume aliinua simu.

Spéciose hakusikia ubeti wa kwanza. Alikuwa anatazama kile kidole gumba kinachogusa kioo. Alijiambia, anapiga picha tu, kila mtu anapiga picha. Ubeti wa pili, wa tatu. Ukumbi ulikuwa umetulia kabisa, hata wazee wa Kiswidi wasiojua neno walikuwa wameinama mbele. Ubeti wa nne ukaisha. Bella akapiga waya mara moja, akainamisha kichwa. Hakutaja mtu. Mtoto alikuwa ametimiza ahadi. Spéciose akaanza kupumua.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, ya uchangamfu, kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani sokoni: "Wimbo wa nani?"

Spéciose alikuwa amewaza majina usiku na mchana, akayafuta kwa Rebecka, akayafuta kwa Bella, na swali akalisahau. Kwa kuwa kwenye kanda halikuwemo, halikumjia hata mara moja. Lakini watu wa nyumbani walikuwa pale, na wao hawakuhitaji kanda.

Watu walicheka kwa furaha. "Wimbo wa nani?" waliuliza mara ya pili, sasa kumi au kumi na tano pamoja, wengine wanapiga mapaja.

Bella alisimama jukwaani, uso umemwiva. Hakuwahi kuulizwa hivyo maishani mwake. Alitafuta kwa macho, akampata bibi yake, na Spéciose aliona midomo ya mtoto inafunguka, si kwa ukaidi, bali kama mtu aliyeulizwa jina lake kwa heshima na hana budi kujibu. Simu ya safu ya kwanza ilikuwa imemwelekea.

"Wimbo wa nani?" Mara ya tatu.

"Ni wangu," Spéciose alisema.

Hakujua kama amesimama hadi alipoona vichwa vinageuka. Akasema tena kwamba ni wangu, na kwamba wenzangu nitawataja, ila kila mwenye simu aiweke kifudifudi kwenye mapaja yake, maana mwanangu bado yuko kule. Hakuhitaji kueleza kule wapi. Kicheko kilikatika. Simu zilianza kushuka, moja moja. Dereva akaikalia ya kwake. Rebecka akawanong'oneza wazee wa Kiswidi, nao wakatii.

Mwanamume wa koti la ngozi hakushusha.

Spéciose alimwendea. Zilikuwa hatua saba. Aliposimama kando yake aliona kwenye kioo uso wa bibi kizee aliyefunga kilemba, anapepesa macho karibu mno na kamera.

"Nisamehe, mama," yule mwanamume alisema. "Naitwa Cyriaque, nimehamia Kista mwezi uliopita. Ni mama yangu huyu. Nilikuwa namwonyesha, haoni vizuri, anapenda nyimbo." Akageuza simu. "Yuko nyumbani."

Nyumbani. Kwa hiyo wimbo ulikuwa umeshafika, wote, na sura ya Bella, na sauti yake yeye ikisema ni wangu. Cyriaque alimuaga mama yake harakaharaka, akazima, akamwonyesha kioo cheusi. Huenda alisema kweli. Huenda hakusema. Hakuna namna ya kujua, na hakukuwa na mlango wa kutorokea safari hii, maana mtoto wake alikuwa upande mmoja na mjukuu wake upande mwingine.

Akageukia watu. Aliwataja bila kuimba. Deusdedit wa Rubanga. Nicole wa Rubanga. Roméo wa Kivumu. Kamila wa mjini. Akaeleza kwamba walichukuliwa kwa mpangilio huo huo, siku nne, na kwamba aliyeyapanga majina kwenye wimbo ni yeye. Halafu akalisema lile ambalo hajawahi kulisema hata kwa marehemu mume wake.

"Deusdedit aliniambia nisimtaje. Nilimsikia. Nikamtaja."

Alingoja mtu ainuke na kutoka, maana ndivyo alivyoona usiku mwingi akiwa macho. Mwanamke wa nyuma, yule aliyeuliza kwanza, alikuwa analia kimya. Kisha watu wa nyumbani wakajibu kama inavyojibiwa, kwa sauti ndogo, "Tumesikia," na Bella akashuka jukwaani, gitaa akaliacha sakafuni, akamshika mkono. Jina lake la mkiani hakuliongeza.

Usiku ule Clovis hakujibu simu. Alituma neno moja karibu na saa sita, *Napanda*, na baada ya hapo kimya.

Jumapili walifika Arlanda saa moja na nusu kabla ya ndege. Ubao uliandika kwamba ndege imetua. Abiria walianza kutoka: familia yenye mikokoteni mitatu, watalii wawili, sista mmoja wa kanisa. Wakapungua. Mlango wa kioo ukafunguka na kufungwa bila mtu. Bella alisema ni mizigo, ni kawaida. Akasema tena. Mara ya tatu hakusema. Spéciose alikuwa anahesabu: Deusdedit Jumatatu, Nicole Jumanne. Alitaka kuacha kuhesabu, akili ikawa inaendelea yenyewe.

Clovis alitoka wa mwisho kabisa, begi lake limepasuka gurudumu, analiburura linakwaruza sakafu. Alikuwa amechoka na ana ndevu za siku tatu. Spéciose alimshika uso kwa viganja vyote viwili, akampapasa mabega na mikono, kama anakagua nguo mnadani, hadi Clovis akamwuliza unatafuta nini.

"Walikusimamisha?"

Clovis alimtazama Bella, kisha mama yake. Akasema walimsimamisha kidogo, kule, dirisha la mwisho la pasipoti. Afisa kijana, hana hata miaka thelathini. Alizishika karatasi muda mrefu, akauliza mama yako anaitwa nani na anatoka wapi.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia, Mama. Jina lako lote. Na Gitaba."

"Akafanya nini?"

"Akaandika," Clovis alisema. "Akagonga muhuri, akaniambia safari njema."

Spéciose aliuliza kama aliandika kwenye karatasi au kwenye kompyuta. Clovis alifikiri, akasema karatasi. Spéciose akamwuliza kama karatasi yenyewe ilikuwa na majina mengine. Clovis hakukumbuka. Bella alichukua begi bovu upande mmoja, baba yake upande wa pili, wakaanza kwenda kwenye basi. Spéciose alifuata nyuma yao hatua mbili, pale anapoweza kuwaona wote.